Bogenvilia ya kwenye ndoo na rangi za akriliki

Mara ya kwanza kuchora maua ya nyumbani nilipanga vitu barazani kwetu Tanga: bogenvilia kwenye ndoo kuukuu ya rangi ya lita 20, na asumini kwenye debe la mafuta lililoanza kushika kutu. Kufika saa nne asubuhi kivuli kimeshahama, rangi zimekauka kwenye sahani, na bogenvilia yangu ya waridi imekuwa damu ya mzee.

Hilo la rangi ndilo lililonisumbua zaidi. Akriliki, rangi ya kuchanganya na maji, ikiwa mbichi, gundi inayoishikilia ina weupe kama wa maziwa. Ikikauka weupe huo unapotea, rangi inakolea kuliko ulivyoichanganya. Siku hizi, kabla sijagusa kitambaa cha kuchorea, napaka kidogo kwenye kipande cha boksi, nasubiri kikauke, kisha nakisogeza hadi kwenye ua lenyewe. Na usijisumbue kuchanganya nyekundu na nyeupe ukitafuta bogenvilia. Utapata rangi ya ufizi. Nunua majenta, ile waridi kali inayoelekea zambarau.

Mmea wenyewe nao utazame vizuri. Yale tunayoyaita maua ya bogenvilia ni majani. Ua hasa ni kile kimrija cheupe cha katikati. Majani hayo ni membamba kama karatasi na mwanga unayapenya, kwa hiyo geuza ndoo jua liwe nyuma yake. Majenta haifuniki: ukiipaka juu ya giza inamezwa. Mimi napaka giza la nyuma kwanza, buluu na kahawia, naliacha likauke. Halafu kila jani nalipaka nyeupe tupu, nalo likauke. Ndipo napitisha majenta nyepesi juu yake. Pale majani yanapopandana napitisha mara ya pili. Hapo ndipo yanapowaka.

Asumini ni kinyume chake. Anza na kijivu chenye buluu, nyeupe safi uibakize kwa petali chache zinazotazama jua.

Kwa joto letu, tandaza kitambaa chenye maji kwenye kontena lenye mfuniko, juu yake karatasi ya kuokea, rangi ziweke hapo zisikauke upesi. Chora mpaka wa kivuli kwa penseli saa moja na nusu, na ukifika saa tatu acha, urudi kesho. Brashi isikae nje ya maji hata dakika chache. Yangu moja sasa ni ya kupakia gundi.

Debe nililipaka mwisho, kutu yake kwa kipande cha sponji, kahawia na chungwa. Wageni wakija, ndilo wanalolisogelea.