Muulize Fundi: Linazima usiku, nikikanyaga breki

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi nafanya biashara ya dagaa na kayabo. Nachukua mzigo Mwaloni Kirumba, napeleka Sengerema na Geita. Gari langu ni la Kijapani la mwaka 1998, lile la juu la milango mitano, petroli, lita 2, gia otomatiki. Tangu Februari linanizimikia njiani. Linakohoa mara mbili tatu, nguvu zinaisha, kimya. Nikikaa dakika chache nikapiga starti, linawaka kama halikuwa na kitu.

Mchana naenda Geita na kurudi bila shida. Balaa ni usiku. Mara ya kwanza lilizima Nyegezi kwenye foleni, mara ya pili Usagara nikikata kona kwenda Kigongo, mara ya tatu juu ya daraja lenyewe, malori yakiwa nyuma yangu. Siku hiyo nililia.

Kuna jambo jingine, sijui kama linahusu. Usiku nikikanyaga breki mshale wa mafuta unashuka, nikiachia unapanda. Nikiwasha indiketa unachezacheza.

Fundi wa kwanza alibadili plagi na waya zake. Wa pili akasema ni kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, nikanunua ya mtumba kwa shilingi 380,000. Wa tatu akabadili pampu ya mafuta. Bado linazima. Sasa naambiwa niweke injini nyingine. Nisaidie kabla sijatoa hizo hela.

Mama wa kayabo, Kirumba

JIBU

Marahaba mama, na pole sana. Kuzimikiwa juu ya Daraja la Kigongo–Busisi usiku, maji huku na huku na malori yanakuja, si jambo dogo. Kwanza kabisa: injini usibadili. Hiyo hela iache ilipo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama palepale, kwenye maneno uliyoyaandika kama nyongeza tu: mshale wa mafuta unashuka ukikanyaga breki. Mama, hapo umejitibu mwenyewe. Mafundi watatu wamelishika gari lako, na nadhani hakuna aliyekuuliza linazima saa ngapi, taa zipi zikiwa zinawaka na mguu wako ukiwa wapi. Hilo linaniuma, maana kuuliza ni bure na kontroli boksi si bure.

Nikueleze ninavyoliona. Kila kifaa cha umeme garini kina njia mbili. Umeme unakuja kwa waya, ukimaliza kazi unarudi betri kupitia bodi ya gari. Hiyo njia ya kurudi ndiyo mafundi tunaiita athi. Kwenye magari mengi ya umri wa lako, taa za nyuma, geji ya mafuta na pampu iliyo ndani ya tanki hurudishia umeme wao sehemu moja, boliti moja au mbili zilizofungwa kwenye bati huko nyuma, chini ya kapeti au nyuma ya plastiki ya pembeni ya buti. Boliti ile ikishika kutu, umeme unarudi kwa kusukumana, kama abiria wa kivuko wanaoshuka kwa mlango mmoja.

Tupige hesabu. Taa ya breki ni wati 21. Ziko mbili, jumla wati 42, ambazo kwa volti 12 ni ampea 3.5. Pampu ya mafuta chukulia inakula ampea 5. Taa ndogo za nyuma na ya namba, weka ampea 2. Jumla ampea 10 na nusu zinapita kwenye boliti yenye kutu. Kutu ikiwa na ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia umeme, wa nusu omu tu, zidisha kwa ampea hizo: volti 5 hivi zinapotelea hapo. Pampu iliyotakiwa kupata volti 13 na zaidi inabaki na 8. Mafuta yanafika mbele bila msukumo, injini inakohoa, inakata. Na kiungo chenye kutu kikipitisha umeme mwingi kinapata moto, kikipata moto kinazidi kuzuia umeme. Ndiyo maana ukikaa dakika chache kikapoa, gari linawaka.

Mchana zile ampea 2 za taa ndogo hazipo, na taa kubwa za mbele hazivuti umeme, basi pampu inajikongoja na safari inaisha. Jaribu kuangalia vizuri mchana ukikanyaga breki. Nahisi mshale unashuka kidogo hata wakati huo, ila hujawahi kuutazama kwa sababu gari halikusumbui.

Sasa kutu imetoka wapi? Watu wa huku hulisingizia ziwa. Ziwa Victoria ni maji baridi, halina chumvi ya kula bati kama bahari ya Dar es Salaam. Chumvi unaipakia wewe mwenyewe, mama. Kayabo ni sangara aliyepasuliwa akazamishwa kwenye chumvi, na hata akionekana mkavu, mzigo ukibanana na joto la buti maji yake yanachuruzika. Yanapita kwenye kapeti, yanakaa kwenye bati. Na chumvi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo pale chini hapakauki hata ukianika gari juani siku nzima. Kumbuka ulianza lini kupakia kayabo kwa wingi. Nitashangaa ukiniambia ni baada ya Februari.

Haya nayasema nikiwa mbali na gari, kwa hiyo lazima ipimwe kabla ya kufungua chochote. Mpelekee fundi wako maneno haya. Injini iwe inanguruma, taa zote zimewashwa, mtu mmoja akanyage breki. Fundi aweke mita kwenye volti za DC, waya mmoja wa mita kwenye bati safi lililokwanguliwa au, bora zaidi, kwenye hasi ya betri kwa kuunga waya mrefu. Mwingine auguse kwenye waya wa athi wa taa ya nyuma, kisha wa pampu chini ya siti ya nyuma. Athi nzima itasoma karibu na sifuri, volti 0.2 hivi. Ikisoma volti 1, 2, 3, hakuna haja ya kubishana. Na akitaka kuhakikisha zaidi, achukue waya mnene, aunge athi hiyo moja kwa moja na bati safi, kisha aangalie mshale wa mafuta. Ukitulia huku breki zimekanyagwa, mmempata mwizi.

Kutengeneza si kazi ya kutisha. Atoe kwanza hasi ya betri, na pasiwe na sigara wala mtambo wa kuchomelea karibu, lile ni tanki la petroli. Afungue boliti, apasafishe kwa maji yasiyo na chumvi, akaushe, apige msasa mpaka bati ling'ae, akate kichwa cha waya kilichooza na kufunga kipya, akaze. Rangi au grisi ipakwe juu baada ya kukaza, si katikati ya bati na kichwa cha waya. Kama lingekuwa gari langu ningeipa pampu waya wake wa athi, mnene, kwenye boliti yake peke yake, isigombanie njia na taa tena. Akague pia soketi ya pampu yenyewe. Ikiwa na ukungu wa kijani, nayo inahitaji kubadilishwa.

Nimefikiria na mengine. Kuna magari yanazima breki ikikanyagwa kwa sababu buster ya breki, ile inayousaidia mguu kwa mvuto wa hewa ya injini, inavuja hewa, lakini hilo lingezima hata mchana na lisingegusa mshale wa mafuta. Altaneta dhaifu, ile inayochaji betri, nayo hulemewa usiku. Fundi apime betri injini ikinguruma na taa zikiwaka, asome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ni kipimo cha dakika moja, kifanyike tu.

Namwelewa yule aliyebadili pampu, kwa sababu nami nimepita njia hiyo. Miaka ya nyuma, gereji yangu ikiwa bado Igogo, mteja aliniletea gari lililokuwa likizima hivihivi. Nilisikia pampu inalia vibaya nikaibadili. Wiki mbili baadaye likamzimikia wakati wa kupanda kivuko cha Kamanga, watoto wakiwa ndani. Pampu ililia vibaya kwa sababu ilikuwa na njaa ya umeme, si kwa sababu ilikuwa mgonjwa. Nilimrudishia hela ya ufundi, na tangu siku hiyo sifungui tanki la mtu kabla sijapima volti zinazofika kwenye pampu na volti zinazopotea kwenye athi.

Mambo mawili ya mwisho kwako. Ile kontroli boksi ya kwanza mdai fundi kama bado anayo, kwa maelezo yako naamini ilikuwa nzima. Na kayabo wapakie kwenye beseni za plastiki zenye kingo, juu ya turubai zito lililokunjwa pembe. Mpaka athi itengenezwe, tafadhali usivuke daraja usiku. Wabeja sana kwa kuandika mambo yote, hata uliyodhani hayahusu.

SWALI

Fundi, langu ni la 2001, petroli. Likitembea kama saa nzima kwenye jua linakata ghafla, halikohoi, mshale wa mizunguko ya injini unaanguka sifuri papo hapo wakati gari bado linaserereka. Taa za dashibodi zinabaki zinawaka. Baada ya dakika 20 linawaka. Mashine ya kupima haikuonyesha kosa.

Msomaji, Nansio

JIBU

Lako ni ugonjwa tofauti kabisa na wa mama wa Kirumba. Lake linakufa kwa njaa, taratibu. Lako linakatwa kama mtu aliyezima swichi. Mshale wa mizunguko ukianguka sifuri gari likiwa bado linaserereka, mara nyingi kompyuta imepoteza habari za kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Naishuku sensa ya kranki, ambayo ikipata moto waya wake wa ndani hukatika na ikipoa hushikana. Mashine isipoonyesha kosa isikudanganye, sensa hizi huweza kufa bila kuacha alama.

Siku likizima, usisubiri lipoe. Palepale fundi aangalie kama plagi inatoa cheche na kama nozeli zinazonyunyiza mafuta zinapigwa umeme. Vyote viwili vikikosekana, na rilei kuu, ile swichi inayoupa mfumo wa injini umeme, ni nzima, badili sensa. Cheche ikikosekana lakini nozeli zinafanya kazi, rudi kwenye koili inayotengeneza cheche. Kabla ya kununua, fuata waya wa sensa kwa mkono mpaka mwisho wake, uangalie kama haukugusa ekzosi ukaungua ganda. Niandikie ulichokuta.