Kwa wasaidizi wapya wa kisheria: haki inatoka wapi?

Ninyi mnaoanza usaidizi wa kisheria huku Lindi na Mtwara mmepewa sheria nyingi za kubeba: ardhi ya vijiji, ndoa, mtoto. Zishikeni. Ila kuna swali mtakaloulizwa vijijini ambalo halina kifungu: "Hizo haki mnazozisema, nani kazitoa?" Mzee akiuliza hivyo hatanii. Ukijibu "serikali", hoja imekwisha, maana kilichotolewa na serikali, serikali inaweza kukichukua.

Mimi huanzia Kilwa Kivinje. Katika karne ya 19 bandari ile ilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya kuuzia watumwa pwani nzima ya Afrika Mashariki. Watu waliletwa kwa miguu kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakauzwa, na sheria ya wakati huo iliruhusu. Mkataba aliotia saini Sultani Barghash mwaka 1873 ulikataza kuwasafirisha kwa bahari, lakini utumwa wenyewe haukufutwa Tanganyika mpaka 1922. Sasa mwulize mzee: aliyeuzwa pale mwaka 1860, alidhulumiwa au hakudhulumiwa? Sijakutana na mtu aliyesema hakudhulumiwa. Akishakubali hilo, amekubali jambo zito: mtu ana haki hata pale ambapo hakuna sheria inayoitambua. Hiyo ndiyo haki ya asili.

Inatoka wapi hasa, wanafalsafa hawakubaliani. Thomas Aquinas aliiona ndani ya mpango wa Mungu, ambao akili ya mtu inaweza kuufikia. Immanuel Kant alisema mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kutimizia shida za wengine. Barazani mimi humtegemea Kant, kwa kuwa hoja yake haiwataki wasikilizaji wawe wa dini moja.

Mtaambiwa pia kwamba haya ni mambo ya wazungu. Msikimbilie kubisha. Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za binadamu lilipopitishwa Paris, tarehe 10 Desemba 1948, kwa kura 48 bila ya kupinga na 8 zilizojizuia, sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado inatawaliwa na haikuwa na kiti. Hilo ni kweli na linauma. Lakini walioliandaa ni pamoja na Peng Chun Chang wa China, Charles Malik wa Lebanoni na Hansa Mehta wa India, na mmoja wa waliojizuia alikuwa Afrika Kusini ya makaburu. Tena sisi wenyewe tulidai uhuru kwa sheria ipi? Ya mkoloni haikutupa. Imani ya kwanza ya TANU, chama kilichodai uhuru wetu, ilikuwa kwamba binadamu wote ni sawa, na tuliishika miaka mingi kabla orodha ya haki haijaingia katika Katiba yetu mwaka 1984.

Pagumu ni kwenye mirathi. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kwa asili hufuata ukoo wa mama, na mila hiyo humpa mwanamke nafasi kubwa kwao. Msiibeze. Tatizo huja mume anapofariki na wapwa zake, watoto wa dada yake ambao kwa mila hiyo ndio warithi, wakaitaka mikorosho ambayo mjane aliipanda pamoja naye. Hapo mwanafalsafa John Locke anafaa: mwaka 1689 aliandika kwamba mtu huwa na haki juu ya kile alichokitolea jasho. (Locke huyohuyo alikuwa na hisa katika kampuni iliyouza watumwa. Mkiambiwa, kubalini, kosa lake tunalipima kwa kipimo chake mwenyewe.) Waulizeni wajomba na wapwa kwa upole: nani alipalilia, nani aliokota korosho? Wakulima hawadharau jasho.

Hata hivyo mwanafalsafa mwingine, Jeremy Bentham, aliyeziita haki za asili upuuzi, alishika jambo moja: haki isiyo na sheria haina wa kuitekeleza. Kwa hiyo baada ya hoja, fuateni makaratasi siku hiyohiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Mwoneni mtendaji wa kijiji mkiwa nayo mkononi. Cheti cha kifo kipatikane, kikao cha ukoo kiandikiwe muhtasari wenye sahihi, mjane awemo kikaoni, kisha mumsindikize Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi kabla msimu wa korosho haujaanza.