Taa ya Duara Kwenye Kamera: Fuata Taa Uliyoikuta

Vijana wengi wanaoanza kupiga picha za sherehe hapa Kisumu hununua taa ya duara kabla hata ya lenzi ya pili. Nawaelewa. Inafungwa mbele ya kamera, inazunguka lenzi, na uso wa mtu unaonekana hata katika sebule yenye dirisha moja dogo. Shida ni kwamba taa hiyo ina rangi yake, na chumba unachoingia kina rangi yake pia. Zisipopatana, hata programu nzuri ya kuhariri haitakusaidia sana: ukiusawazisha uso, ukuta unaharibika, ukiusawazisha ukuta, bibi harusi anageuka rangi.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Balbu za njano za nyumbani huwa karibu 2700 hadi 3200. Mwanga wa jua la mchana ni karibu 5500. Kivulini, mbingu ikiwa wazi, unaweza kufika 7000 na zaidi. Namba ikipungua mwanga ni wa njano, ikipanda unaelekea buluu. Macho ya binadamu huzoea tofauti hiyo mara moja, ndiyo maana hatuioni mpaka tufungue picha kwenye kompyuta.

Ukiingia mahali, usiwashe taa yako. Tazama kwanza, ujiulize ni taa gani hapa siwezi kuizima. Hiyo ndiyo mwenye nyumba, na taa yako ni mgeni.

Chukua shughuli ya ayie, yaani sherehe ya posa ya Waluo, katika boma moja upande wa Ahero, saa kumi na moja jioni. Mlango uko wazi na mwanga wa nje unaingia. Juu kuna balbu moja ya njano. Kuta zimepakwa rangi ya kijani, na kila mwanga unaozigusa unarudi na ukijani kidogo. Mchana wa mlangoni huwezi kuuzima, balbu unaweza. Basi mwendee mwenye nyumba kwa heshima: “Mama, samahani, naomba tuzime hii taa ya juu kidogo tupige picha, halafu nitaiwasha.” Ni nadra sana kukataliwa ukiomba hivyo. Sasa weka taa ya duara 5600 na kamera 5600, na usogeze watu mbali kidogo na ukuta. Giza likiingia, mambo yanageuka. Balbu inawashwa na haizimwi tena, kwa hiyo taa yako inashuka hadi 3200, na kamera pia 3200.

Kamera yenyewe usiiachie waiti balansi ya otomatiki, yaani ijisawazishie rangi yenyewe, hasa kwa video. Mzee yuko katikati ya hotuba, mama mwenye gomesi nyekundu anapita mbele, na rangi ya uso wa mzee inabadilika huku watu wakitazama. Weka namba mwenyewe. Au piga karatasi nyeupe, ama kadi ya kijivu, chini ya mwanga ule ule, kisha uiambie kamera iifuate.

Taa nyingi za bei ya chini hazina namba, zina kitufe cha kuzungusha tu. Fanya hivi nyumbani usiku: zima kila kitu, iwashe hiyo taa peke yake, weka kamera 3200, kisha zungusha kitufe huku ukipiga karatasi nyeupe mpaka ionekane nyeupe kwenye skrini. Bandika utepe hapo, andika 3200 kwa kalamu. Rudia kwa 4300 na 5600. Kazi ya jioni moja, na itakusaidia kila Jumamosi.

Taa ndefu za tyubu za makanisa na ofisi zina jambo lingine: nyingi huelekea kijani, na kelvini peke yake haiondoi kijani. Nenda kwenye tinti ya kamera, yaani mpangilio wa kijani na majenta (waridi iliyokoza), sogeza kuelekea majenta. Ila ukifanya hivyo, mwanga wa taa yako utaonekana na uwaridi, kwa hiyo ifunike kwa jeli nyembamba ya kijani, yaani plastiki angavu ya rangi, ilingane na tyubu. Kwenye video, tumia shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, ya sekunde 1/50 au 1/100, kwa sababu stima yetu ni ya hezi 50 na taa hizo humeremeta. Ukitumia shata nyingine unaweza kupata mistari inayotembea.

Tenti za rangi siwezi kuzitetea. Chini ya tenti ya buluu saa saba mchana kila mtu ni buluu, na taa ya duara itaosha uso tu huku mabega yakibaki vilevile. Sogeza watu ukingoni mwa tenti, basi.

Nguvu ya taa nayo ina mipaka. Mtu akisogea kutoka mita moja hadi mita mbili, mwanga unaomfikia hubaki karibu robo. Ndiyo maana uso unang'aa na ukumbi nyuma unakuwa giza. Badala ya kuongeza taa, punguza, kisha pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 hivi ili chumba chenyewe kionekane.

Na ngozi zetu zastahili uangalifu. Mwanga wa buluu juu ya ngozi nyeusi huifanya ionekane kama imepakwa majivu, nao mwanga wa mbele kabisa huokota kila tone la jasho kwenye paji la uso, na joto la Kisumu unalijua. Beba tishu. Kama taa inatoka kwenye kamera, itoe, ishike pembeni juu kidogo ya usawa wa macho, na uso utapata umbo. Mwenye miwani, mwambie ainamishe kidevu kidogo, la sivyo utaona miduara miwili mahali pa macho.

Kutolingana kwa makusudi kunaruhusiwa. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama kati ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja mwaka mzima, na giza huja upesi. Pale Dunga, dakika chache baada ya kuzama, weka taa na kamera 5600: nyuso zinabaki za kawaida na mbingu juu ya ziwa inatoka buluu nzito. Jaribu mipangilio yako kabla jua halijagusa maji, maana dakika zenyewe hazitoshi kutafuta kitufe.

Ukienda dukani, uliza taa inayobadilika kutoka 3200 hadi 5600, yenye namba kwenye skrini, na kipimo cha CRI, kinachoonyesha taa inavyotoa rangi kwa usahihi, cha 95 au zaidi.