Usiangalie waya, angalia inapoingia: kuhusu mzigo wa darubini kubwa ya redio

Mkuu umeuliza wahandisi wanajuaje darubini kubwa ya redio, ile sahani kubwa inayonasa mawimbi ya redio kutoka angani, inabeba mzigo kiasi gani, na kwa nini ile ya Arecibo kule Puerto Rico kebo yake ilikatika wakati hesabu zilionyesha imebeba karibu asilimia 60 tu ya uwezo wake. Mimi ni fundi minara ya simu hapa Tabora, mwaka wa 11 huu napanda, darubini sijawahi kuigusa ila hili swali nalijua kwa mikono, maana mnara wa stei, yani unaoshikiliwa na waya usianguke, na ile darubini uhai wao wote uko kwenye waya.

Hiyo asilimia 60 ni ya waya mpya, wa kwenye karatasi. Kebo ikifika mwisho inaingia kwenye soketi, nyuzi zinafumuliwa kama ufagio halafu zinamwagiwa zinki ya moto, ikiganda ndo inazishika. Sasa zinki ni laini, ukiipa mzigo mkubwa miaka na miaka inavutika taratibu sana na kebo inaanza kutoka. Agosti 10, 2020 kebo ya kwanza ikachomoka, yani haikukatika, ilichomoka kwenye soketi, mzigo wake ukahamia kwa zilizobaki, Novemba 6 ikakatika ya pili kwenye mnara uleule ilikofungwa ya kwanza, Desemba 1 jukwaa la mitambo la tani 900 lililoning'inia kwenye kebo hizo likaanguka juu ya sahani ya mita 305. Na iliyochomoka ndo ilikua changa, ilifungwa miaka ya 90 walipoongeza mitambo, kubwa zake ni za 1963. Kinachoniuma ni kwamba baada ya kimbunga Maria cha 2017 kebo zilionekana zimesogea kwenye soketi, ishara ilikuepo.

Mwaka wangu wa tatu kazini tulipelekwa mnara mmoja njia ya Urambo kuongeza antena, mwezi wa kumi na moja, zile pepo zinazotangulia mvua za kwanza. Stei moja ilikua na mstari wa rangi pale inapoingia kwenye kishikio, na chini ya mstari kuna kipande cha waya kinang'aa, upana wa kidole hivi, yani waya ulishachomoka kiasi hicho. Bosi akasema waya huo unabeba mara tatu ya huo mzigo, pandeni. Mzee tuliyekua naye akaniambia kijana wangu vua mkanda wa kupandia, hapa hapandi mtu. Tukafunga stei ya muda, tukafungua kile kishikio, ndani kutu imekula nyuzi zaidi ya nusu.

Halafu watu wanahesabu kilo wanasahau upepo. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili nguvu yake inakua mara nne, ndo maana sahani kubwa zinazogeuka hua zinaelekezwa juu angani upepo ukizidi, ikibaki imesimama wima inakua tanga la jahazi. Ila hata upepo sio lazima. Darubini ya Green Bank Marekani, ile ya mita 90, ilianguka usiku wa Novemba 15, 1988 kwa sababu ya bamba moja la chuma la kuunganishia lililochoka, upepo wala haukua mkali.

Kwa hiyo ukitaka kujua kikomo pima mkazo wa kila waya kwa kifaa, kila msimu, na uandike, ukiona mmoja umelegea na jirani yake umekaza ujue kuna kitu kimehama. Piga mstari wa rangi kwenye kila soketi. Kila kinachoongezwa juu kihesabiwe upya kwa waya ulivyo leo.

Wapo wanaosema ile ya Arecibo wangeweza kuiokoa: baada ya kebo ya pili kukatika hakuna aliyeweza kusema zilizobaki zinabeba ngapi, na kuzirekebisha ni lazima watu wapande. Novemba 19 wenye nayo wakatangaza wataibomoa, ikaanguka yenyewe kabla na hakuna aliyeumia. Mimi nisingepanda pale, na kijana wangu nisingempandisha.