Kabla ya kununua mito, tafuta mtu

Ukiingia mtandaoni kutafuta namna ya kujiandaa na upasuaji wa kifua, utakutana kwanza na orodha za kununua: mito ya kila umbo, mashati ya vifungo, meza ya kuwekea sahani kitandani. Nami nilinunua, na vingine vilinifaa. Lakini siku hizi vijana wa trans (ambao jinsia yao siyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa) wa hapa Toronto wakinipigia simu, wengi wao wametoka pwani ya Kenya, Bukavu au Goma, siwaulizi habari za mito. Nawauliza: usiku wa kwanza, nani atalala hapo nyumbani kwako?

Nauliza hivyo kwa sababu kupona kwenyewe ni kazi ya nyumbani. Upasuaji wa kuondoa matiti na kukipa kifua umbo la kiume huchukua saa tatu nne hivi, na wengi hurudishwa nyumbani siku hiyohiyo. Nusukaputi bado haijakutoka kichwani, kifua kimebanwa na fulana ngumu, na mirija miwili inaning'inia mbavuni. Hospitali haikuachilii mpaka aje mtu mzima akuchukue, na dereva wa teksi hahesabiki.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Kwetu Mombasa mtu akiugua, shangazi anahamia na mkeka wake kabla hujamwita. Huku ughaibuni shangazi hayupo, na kuna wenzetu ambao shangazi yuko lakini hapokei simu zao. Mimi aliyeniuguza ni mama mmoja wa Kikongo tuliyefanya kazi naye ghala moja. Habari za trans hatukuwahi kuzijadili kwa kina hata siku moja. Nilimwomba kwa sababu haogopi damu na hasahau saa. Ukitafuta wa kukuuguza, anza na sifa hizo mbili. Rafiki mwenye maneno matamu ya kukutia moyo anaweza kufanya kazi hiyo kwa simu.

Mwombe mapema, na umweleze kazi bila kuificha: kupima majimaji ya damu, kukupa dawa usiku wa manane, kukusaidia chooni. Kama hawezi yote peke yake, gawanya. Mmoja alale kwako siku za mwanzo, mwingine alete chakula, wa tatu akupeleke kliniki. Waulize pia wauguzi wa hospitali, kabla ya siku yenyewe, kama kuna muuguzi wa jamii anayeweza kuja nyumbani kwako kukagua kidonda. Usipouliza, huenda hakuna atakayekuambia.

Kwenye karatasi ya maagizo utasoma kwamba usinyanyue mikono kupita mabega wala usibebe kitu kizito kwa wiki kadhaa. Ukisoma unaona ni jambo dogo. Kisha unafika nyumbani na mlango wa friji unakushinda. Glasi ziko kabati la juu. Chupa ya dawa za maumivu ina kile kifuniko cha kuzuia watoto, ambacho lazima ukikandamize huku unakizungusha, na kifua hakitaki. (Mwambie mfamasia akufungie dawa kwa vifuniko vya kawaida. Ukiomba, wanakubali.) Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe, shusha kila unachotumia kati ya kiuno na kifua: vikombe, chumvi, taulo, chaja, mswaki. Legeza vifuniko vyote. Na kwa sisi tunaostanji kwa maji, jaribu mapema kufika huko nyuma viwiko vikiwa vimebana mbavu, halafu agiza kopo dogo na liwe linajazwa nusu. Hakuna orodha ya Kizungu itakayokukumbusha hilo.

Kulala ni chali, mgongo umeinuliwa, mto mmoja chini ya magoti na mmoja kila upande wa kushikilia mikono. Nimekiri kwamba mito ina kazi yake. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, kumbatia mto kwanza. Ukiwa na marafiki wachekeshaji, waombe wapumzike kidogo.

Sasa mirija, maana ndiyo inayowatisha watu. Hiyo mirija ya dreni hutoa damu na majimaji yasijikusanye chini ya ngozi, na kila mmoja unaishia kwenye kibofu cha mpira kinachotosha kiganjani. Asubuhi na jioni yule mama alinawa mikono, akashika mrija karibu na mwili kwa vidole vya mkono mmoja ili usivutike, na kwa vidole vya mkono wa pili akaukamua taratibu kuelekea chini, mpaka vile vijiuzi vya damu iliyoganda vikateremka. Ndipo anafungua kizibo, anamimina kwenye kikombe cha kupimia, anaandika mililita na saa, kulia mbali na kushoto mbali. Mwisho anakikandamiza kibofu mpaka kinywee kabisa, na anarudisha kizibo kikiwa bado kimenywea. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo watu huikosea: kibofu kikifungwa kimejaa hewa, hakivuti chochote. Rangi huanza nyekundu ya damu, ikapauka kuwa waridi, kisha manjano hafifu. Madaktari wengi huitoa mirija kiasi kikishuka chini ya mililita 30 hivi kwa saa 24, ila kila mmoja ana kipimo chake. Kuitoa kwenyewe ni kuvuta pumzi, kuhisi kitu kinateleza mahali usipopajua, basi.

Kila nilipojisahau nikataka kujikuna kichwa, nilisikia kutoka jikoni, “Shusha mukono!” Sijui alikuwa ananionaje.

Dawa kali za maumivu, zile za jamii ya mofini, hufunga choo, na nusukaputi nayo inachangia. Usingoje mpaka siku ya tatu ndipo uanze kuhangaika. Omba dawa ya kulainisha choo pamoja na zile za maumivu, kunywa maji mengi, kula papai na tende, na tembea ndani ya nyumba kila baada ya muda. Kutembea huko pia kunasaidia damu isigande miguuni. Chakula kiwe chenye kujenga mwili: samaki, mayai, maharagwe, supu. Sigara, shisha na vepu viache kabla na baada ya upasuaji kwa muda atakaokupangia daktari, maana nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na chuchu zilizopandikizwa zinaishi kwa kutegemea mishipa hiyohiyo. Kuna mgeni atakayekuletea mafuta ya habasoda, asali au unga wa manjano akuapie kwamba vidonda vinafunga kwa siku mbili. Mshukuru, weka kabatini. Hata aspirini na ibuprofeni usimeze bila kuuliza, kwa sababu zinaweza kuongeza kutoka damu.

Waislamu wenzangu huniuliza kuhusu udhu. Bandeji hailoweshwi. Kupangusa juu ya bandeji ni ruhusa inayojulikana tangu zamani, na asiyeweza kusujudu husali ameketi. Mimi nilisali kitini.

Wageni ni suala jingine. Watu wetu wakisikia mtu kafanyiwa operesheni, wanakuja na vyungu vya pilau na maswali. Andaa jibu moja, fupi, na uwape wote jibu hilohilo pamoja na anayekuuguza, msije mkatofautiana. Langu lilikuwa: “Operesheni ya kifua, nashukuru Mungu imeenda salama.” Anayeuliza zaidi anaulizwa kama atakunywa chai. Kukumbatiana ni marufuku, na hilo aliseme mwenyeji mlangoni mapema, maana sisi tukifurahi kumwona mtu tunamvuta kabla hajakaa.

Mama yangu yuko Likoni. Nilimpigia kwa video siku nilipoweza kukaa wima.

“Mbona sauti ndogo?”

“Nilifanyiwa operesheni, mama. Ya kifua.”

Akanyamaza. Nikaona anaisogeza simu karibu na uso, kama vile ataingia.

“Kilichokuwa kikikusumbua wamekitoa?”

“Wamekitoa.”

“Basi kula. Na usinyanyue ndoo.”

Hatujasema zaidi ya hapo, na sijui kama tutasema. Sikupi ushauri kwamba uwaambie wa nyumbani au usiwaambie. Ninachosema ni uamue ukiwa mzima. Ukisubiri mpaka umemeza dawa za mofini, utazungumza yasiyopangwa na mtu asiyetarajiwa.

Jambo ambalo karatasi za hospitali nyingi haziligusi ni ngozi yetu. Zinakuambia uangalie wekundu kuzunguka kidonda. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa; unachoona ni weusi uliozidi, au rangi ya zambarau, au ngozi kung'aa na kuvutika. Tumia mgongo wa kiganja kulinganisha joto la upande mmoja na mwingine. Papasa pembeni mwa bandeji kama pamekuwa pagumu. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, harufu, au maumivu yanayopanda badala ya kushuka: piga simu kliniki bila kungoja asubuhi. Upande mmoja ukivimba ghafla na kuwa mgumu, au kibofu cha mrija kikajaa damu nyekundu haraka haraka, huenda damu inavuja ndani, na hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Maumivu ya kifua yenye kukata pumzi ni 911, namba ya dharura ya huku. Ukiwa Ontario, jimbo letu hapa, na huna hakika, namba 811 hujibiwa na wauguzi usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani.

Kutoa bandeji mara ya kwanza, keti. Nasema keti, kwa sababu watu huzimia, hata wale wanaojiona majasiri. Utakachokiona hakifanani na picha ulizozihifadhi kwenye simu. Kifua kimevimba, kina michubuko, mshono umekunjamana pembeni, na chuchu zimepiga giza na kushika magamba. Tabaka la juu linaweza kubanduka na kuanguka. Mara nyingi chini yake ngozi hai inaendelea na kazi yake. Wiki zinazofuata utahisi ganzi mahali fulani na mahali pengine kama umeme unachoma. Ni mishipa ya fahamu inaamka.

Kisha kuna huzuni. Mtu amesubiri miaka, ameweka akiba, amepigania barua na vibali, halafu amelala chali analia na hajui analia nini. Dawa zina mkono wake, kukosa usingizi, kukaa bila kusogea, kutegemea watu kwa kila kitu. Wengi huja kuniuliza kwa sauti ya chini kama hiyo maana yake wamejuta. Mimi nawajibu kwamba mwili uliopasuliwa unalia hata kwa operesheni ya kidole tumbo, na wasiamue lolote kuhusu maisha yao mpaka mirija itoke na waanze kulala usingizi wa maana. Ila huzuni ikikaa wiki na wiki, au ikaja na mawazo ya kujidhuru, mwambie daktari siku hiyohiyo. Hilo si la kuvumilia.

Kuhusu kazi: wengi wetu hapa tunabeba mizigo, na bosi hahitaji kujua umefanyiwa nini. Barua ya daktari inaweza kusema tu kwamba umefanyiwa upasuaji na kutaja mipaka ya uzito unaoruhusiwa kubeba. Ukiwa umetimiza saa 600 za kazi zenye bima, serikali ya Kanada ina malipo ya ugonjwa ya EI (bima ya ajira), ambayo tangu Desemba 2022 yanafika hadi wiki 26, na kwa kawaida ni asilimia 55 ya mshahara mpaka kikomo walichoweka. Jaza maombi mara tu unapoacha kazi. Ukifanyiwa wakati wa baridi, tafuta pia wa kupiga koleo theluji mlangoni. Koleo limo ndani ya marufuku ya kunyanyua, hata kama theluji inaonekana nyepesi.

Wanaoniandikia kutoka Nairobi au Dar, waliofanyiwa Thailand au India na sasa wako nyumbani bila kliniki inayowajua: hakikisheni mna ripoti ya upasuaji iliyoandikwa, na picha za kidonda za kila siku. Muuguzi mzuri wa vidonda tayari anajua kidonda cha titi lililoondolewa, kwa sababu amewahudumia wagonjwa wa saratani. Si lazima umweleze maisha yako ili abadilishe bandeji vizuri.

Makovu ndiyo yanayochukua muda mrefu kuliko vyote. Kama kwenu kuna mtu aliyetoboa sikio likaota keloidi (kovu nene linalokua kupita kidonda chenyewe), mwambie daktari kabla ya upasuaji, kwani kifua ni mojawapo ya sehemu keloidi hupenda. Kidonda kikishafunga kabisa, uliza kuhusu jeli au plasta za silikoni na kulikanda kovu. Kovu nene linalobaki ndani ya mstari wa mshono mara nyingi hutulia lenyewe. Linalotambaa nje ya mstari ni la kwenda kulionyesha mapema, kuna sindano za steroidi zinazoweza kulipunguza. Likinge na jua, lisizidi kuwa jeusi. Rangi na unene vinaendelea kubadilika mwaka mzima na zaidi, na madaktari wengi hawagusi marekebisho kabla ya miezi sita mpaka mwaka. Kwa hiyo picha ulizopiga mwezi wa pili baada ya upasuaji usizipeleke kliniki kwenda kugombana nazo.