Watoto wa nguruwe kukonda baada ya kuachishwa ziwa

Swali: Mimi ni mama mfugaji wa Bagira, hapa Bukavu. Nguruwe wangu alizaa watoto tisa, wakanenepa vizuri hadi wiki ya tano, nilipowatenga na mama yao na kuwahamishia katika banda jipya la saruji pamoja na wengine sita niliowanunua Kabare. Ninawalisha drechi (machicha ya bia) na pumba za mahindi. Leo ni siku ya kumi. Wanahara, mbavu zinaonekana, na wawili niliowapima wamepungua uzito. Je, ni mbegu mbaya au ni ugonjwa?

Jibu: Mama, mbegu iliyowanenepesha kwa wiki tano haiwezi kuwakondesha kwa siku kumi, kwa hiyo tuiache. Kuhara ni ugonjwa, lakini kwa maelezo yako kumewakuta tayari wamedhoofika, kwa sababu siku moja ile walikosa maziwa, mama, banda walilolizoea, na tena wakaletewa wageni.

Kwangu tumbo ndilo la kwanza. Mtoto aliyezoea maziwa bado hana vimeng'enya vya kutosha kusaga nafaka na soya, na asidi ya tumbo lake ni hafifu. Akikatiwa maziwa ghafla, anaweza kushinda siku nzima au zaidi bila kula cha maana, na muda huo vile vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula hufupika. Kisha njaa inapomzidi hula kwa pupa, na chakula kisichosagwa hulisha bakteria badala ya kumlisha yeye. Ndiyo maana uzito hushuka hata pale ambapo chombo hakikauki. Kwa mzao ujao, anza kati ya siku ya 10 na ya 14 kuwawekea chakula laini kidogo mahali ambapo mama yao hafiki, ukikibadilisha kila siku. Wiki tano si kosa kwa mtoto anayejua kula; asiyejua, mwache anyonye hadi wiki ya sita au ya nane, na aliye chini ya kilo 7 mimi simwachishi.

Drechi sina ugomvi nayo, ila zaidi ya robo tatu ya drechi mbichi ni maji: tumbo dogo hujaa kabla mwili haujapata kitu, na ikikaa siku chache mfukoni huchacha na kuota ukungu. Waachie nguruwe wakubwa. Wadogo wape mahindi yaliyosagwa, soya iliyokaangwa hadi ndani, kwa kuwa soya mbichi huzuia protini kusagwa, na sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) kavu zilizotwangwa, ili protini ifike asilimia 18 hadi 20.

La pili ni baridi. Bukavu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na mtoto aliyeachishwa karibuni anahitaji nyuzi 26 hadi 28. Ingia bandani saa kumi na moja alfajiri, uweke kiganja chako juu ya saruji: ukiwakuta wamerundikana, chakula chao kinaishia katika kutafuta joto; wakiwa wamejinyoosha kwa ubavu, wametosheka. Tandika majani makavu mengi, uzibe upepo wa chini na kuacha hewa ipite juu.

Wageni usiwatenge tena sasa, maana kila mchanganyo huanzisha vita upya. Mwondoe tu yule mnyonge anayefukuzwa chomboni. Siku nyingine ukiachisha, mtoe nguruwe mama, watoto wabaki pale pale walipozaliwa.

Wiki hii walishe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, wawe na maji safi daima, na wanaohara wape pia maji yaliyochemshwa na kupoa, lita moja kwa vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Usiwape vidonge vya watu kutoka famasi. Kuhara kusipokoma kwa siku mbili, au ukiona damu, mwite daktari wa mifugo. Na kama hata wakubwa wanaacha kula, masikio yanakuwa mekundu au zambarau na wengine wanakufa, usiuze wala usichinje hata mmoja: hiyo inaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba, na nyama yake huipeleka kwa majirani.