Jibu: Boti ya faibaglasi kutoka Tanga hadi Mwanza

Salaam mkuu. Kwa hiyo boti iko Tanga, wewe uko Mwanza, na muuzaji anataka hela yote kabla ya kupakia.

Usitoe hata kishika uchumba kabla hujagonga ubao wa tezi, pale inapofungwa mashine. Mpini wa nyundo unatosha. Ikilia kavu, sawa. Ikilia bubu, mbao za ndani zimeoza, na hapo bei inashuka kweli. Mashine iwashwe ikiwa baridi. Ukikuta ameshaipasha moto, rudi kesho. Maji ya kupoza yatoke kwa nguvu, maana chumvi huziba njia zake.

Mimi hupatana boti peke yake, mashine peke yake. Wauzaji hununa, shauri yao. Usajili wa TASAC, shirika la serikali linalosajili vyombo vya majini, uwe na jina la anayekuuzia.

Lori tafuta linalorudi tupu Kanda ya Ziwa. Boti ikizidi upana wa bodi, ulizia kibali TANROADS, wakala wa barabara, mapema, la sivyo mtalala mizani. Mashine ishushwe kutoka kwenye boti, isafiri imesimama. Mkuku, yaani uti wa chini wa boti, ulale juu ya matairi chakavu, mikanda isibane mbavu. Hela: nusu Tanga, nusu ikishuka Mwanza, akikataa kabisa, muandikishane mbele ya wakili.